Pikipiki ya Theluji Haitaki Kanga

Salehe,

Barua huanza kwa salamu, najua. Mwalimu wetu wa shule ya msingi kule Tanga alitufundisha kwamba kwanza unamuuliza mwenzako hali, kisha unamwambia yako ni njema, hofu na mashaka ni juu yake. Mimi leo salamu sina. Hali yangu si njema, na aliyeiharibu ni wewe. Hasira zikinitoka kabla karatasi haijaisha, salamu utazikuta huko chini.

Umekwenda Berea kuwaaga wenzako, ukasema nisikusubiri. Sikusubiri. Nimekaa tu jikoni. Sanduku lako liko pale mlangoni, na kesho asubuhi Baba Furaha atakuja na gari kukupeleka uwanja wa ndege. Ukitoka hapo ni Ufini, tena si Ufini ya mjini. Ni huko juu kabisa, ambako mwenyewe umeniambia jua likizama katikati ya msimu wa baridi linakaa wiki kadhaa halijachomoza. Unakwenda kuendesha pikipiki za theluji, kuwatembeza watalii msituni. Mtoto wa watu wa Tanga, mzaliwa wa Johannesburg! Nikiwaeleza watu wanacheka, halafu wakiona mimi sicheki wananyamaza.

Mkataba uliusaini kwanza, kuniambia ukaniambia baadaye. Hapana, nakosea, hukuniambia kabisa. Nilikwenda saluni kwa Mama Furaha kusukwa, na yeye, kama unavyomjua, mikono inasuka na mdomo unasuka, kwa Kiswahili chake cha Kongo.

“Mama Salehe, kwa nini unaachilia mutoto aende kule kwenye barafu? Kule batu banakufaka na baridi!”

“Mtoto gani?”

“Si huyu Salehe yako! Alipita hapa jana, akaniambia yote. Aa! Pole, mama. Weye haukujua?”

Alikuwa amemaliza upande mmoja. Nilinyanyuka vilevile, nusu ya kichwa mistari na nusu imesimama, nikapita mtaa mzima wa La Rochelle mpaka nyumbani. Nilipokuuliza ukajikuna shingo, ukasema, “Eish, Mama, ningekwambia. Nilikuwa natafuta wakati mzuri.” Wakati mzuri! Tunalala chumba kimoja, katikati pazia tu. Ukigeuka kitandani nakusikia. Huo wakati uliokuwa ukiutafuta ulikuwa umejificha wapi?

Ngoja nikwambie kinachoniuma, nisikuzungushe. Si Ufini. Ufini ningeizoea, nilivyoizoea Johannesburg. Kinachoniuma ni kwamba umewaomba watu wote vitu, isipokuwa mimi. Umemwomba Baba Furaha sanduku. Umemwomba rafiki yako koti. Umeomba ruhusa kazini na umeomba barua ya mwenye nyumba. Kwetu mtoto hasafiri mpaka akae chini mbele ya mama yake aseme, “Mama, nakwenda, naomba radhi zako.” Ni maneno machache na hayana uzito wa kilo hata moja. Nimeyangoja tangu siku ile ya saluni. Nimejifanya nina kazi nyingi jikoni ili uje, hukuja. Nikajifanya mgongo unauma ili uje. Ukaja na dawa ya kuchua, ukaiweka mezani, ukaondoka.

Na mimi kutoa kitu ambacho hakijaombwa sijui. Kwa hiyo mpaka sasa ninapoandika, Salehe, radhi zangu hujazipata. Ninazo mwenyewe, nimezikalia.

Habari za soksi na kula vizuri na kupiga simu sitaziandika. Hizo tumekwisha kuzigombania. Nilikufungia ubuyu, pilipili ya kusaga, blanketi na ile sufuria ndogo. Nilipotoka kwenda sokoni nikarudi nikavikuta vyote vimepangwa juu ya kitanda changu vizuri kama maiti. “Uzito, Mama.” Kila kitu changu siku hizi ni uzito.

Lakini wiki iliyopita, bosi wako wa huko alipokupigia simu kupanga safari, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo. Kiingereza chako kinakwenda mbio ila nilikipata. Alikuuliza mtu wa Afrika umeyajulia wapi mambo ya theluji. Ukacheka, kicheko ambacho sijakisikia humu ndani kwa muda mrefu. Ukamwambia, nilipokuwa na miaka sita mama yangu alikuwa ananipakia kwenye pikipiki ya theluji, kule Lesotho, na sijawahi kufurahi kama zile siku. Ukasema, mama yangu alikuwa dereva hodari sana.

Hodari! Nilikaa juu ya zile nguo nilizokwisha kuzikunja. Salehe, tulikuwa juu ya kiti kimoja, lakini naona safari zilikuwa mbili. Wewe ulikuwa nyuma, umeuficha uso mgongoni mwangu. Upepo wote niliula mimi. Kwa hiyo kabla hujaenda kuwahadithia Wafini, sikiliza na ya dereva.

Baba yako alikuwa amekwenda Maputo kufuata mzigo wa nguo, akapata na mke hukohuko. Mimi nilikuwa napika kwenye mgahawa Rosettenville. Siku moja mteja akaonja supu yangu ya maharage, akaja mpaka dirisha la jikoni. Akasema kuna hoteli milimani Lesotho, watu wa Johannesburg hupanda huko kuteleza kwenye theluji, wanatafuta mpishi wa msimu. Nikaitikia kabla hajamaliza. Sikuuliza baridi yake ikoje. Mtu wa pwani ukimwambia baridi anafikiria Julai ya hapa Joburg, ile ya masweta mawili na kikombe cha chai. Nikakubeba wewe, begi moja, na ile doti yangu ya kanga ya njano na nyeusi aliyonitumia bibi yako, yenye maneno Semeni Mtachoka. Bibi yako alichagua maneno hayo kwa sababu ya majirani waliokuwa wakimsema baba yako. Mimi niliyapenda kwa sababu yanajibu watu wote kwa mara moja.

Siku ya kwanza mafuta ya nazi yaligeuka jiwe kwenye kopo. Siku ya pili nilifua kanga nikaianika nje kwa akili za Tanga. Jioni ikawa imekauka imesimama wima. Wewe ukaichomoa kwenye kamba, ukaibeba kichwani kama bati la kuezekea, ukazunguka nayo uani unatangaza unauza mabati. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Hiyo nadhani unaikumbuka.

Theluji yenyewe ilikuwa nusu ya Mungu, nusu ya mashine. Mungu asiposhusha, wanaume waliwasha mitambo inayorusha maji hewani, yakashuka chini meupe. Jiko letu lilikuwa bondeni na kibanda cha chai kilikuwa juu mlimani, wanakoanzia kuteleza. Supu ilipaswa kupanda ikiwa moto, na mwenye supu ni mimi. Ndiyo maana nikapewa pikipiki ya theluji, wala si kwa uhodari. Uliitazama mara moja, ukaona ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini yake, ukasema ni mtoto wa tingatinga. Tukaiita Tinga.

Aliyenifundisha alikuwa msimamizi wa mashine, Ntate Lebohang. Ntate ndivyo Wasotho wanavyomwita mwanamume wa heshima, kama mimi walivyoniita 'M'e, yaani mama, na huyu alistahili, ingawa wakati ule ningekufa kabla sijakiri. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akanionyesha gesi iko chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia, unasukuma kidogo tu. Mimi nikasukuma kama nabonyeza kengele ya nyumba isiyofunguliwa. Tinga ikaruka mbele, sufuria ikaruka nyuma. Ntate Lebohang akaziangalia karoti zilizotapakaa juu ya theluji, akasema, “Leo sungura watakula vizuri, 'M'e.” Akanisaidia kuokota sufuria.

Siku nyingine nikafika mahali theluji laini, mpya, imelala nene. Nikaogopa, nikaachia gesi, nilivyozoea kuacha kukanyaga baiskeli penye mchanga. Tinga ikazama mpaka kwenye kiti. Nikashuka nikazama na mimi. Ntate Lebohang alikuja akaikanyagakanyaga theluji ya mbele mpaka ikashikana, akaitoa. Akaniambia, “Penye laini usisite. Ukiogopa, endelea kuogopa huku unakwenda.” Hilo ndilo neno moja katika maisha yangu ambalo nimelitumia kila mahali, hata siku nilipofungua biashara yangu ya chapati na sambusa sina hata meza. Lichukue bure, halina uzito.

Haya, nakubali, ilikuwa raha. Usidhani nina moyo wa jiwe. Asubuhi theluji ikiwa imeshuka usiku, hakuna aliyepita, sisi ndio wa kwanza. Nyuma yetu ulibaki mstari mmoja tu, wewe ukigeuka kila mara kuutazama kama umeuchora mwenyewe. Ulikuwa unaimba pamoja na injini. Mlio wake ukipanda unapanda, ukishuka unashuka. Tukifika juu nilizima, na masikio yakawa yanaona haya kwa kule kunyamaza. Halafu nilikuwa natoa kichupa cha ukwaju niliochemsha na sukari, nachota theluji safi kwenye kikombe, namimina. Nilikwambia hii ndiyo barafu ya ukwaju tuliyokuwa tunainunua shuleni Tanga, ila hapa wamemwaga mlima mzima. Ulikula mpaka midomo ikawa ya zambarau kwa baridi, ukasema tusirudi. Nikakwambia supu inapoa. Sijui kwa nini nilisema supu inapoa. Ilikuwa kwenye chupa za chai, isingepoa.

Sasa, kanga.

Sikutaka kukuacha chini na watu nisiowajua. Wala sikuamini vile vikono vyako vitanishika njia nzima. Nikafanya alichofanya mama yangu na mama yake. Nikakuweka nyuma yangu, nikakuzungushia kanga kiunoni mpaka kifuani, nikafunga fundo mbele, nikalikaza. Miaka sita, miguu inaning'inia, mtoto mkubwa mzima, amebebwa mgongoni juu ya pikipiki ya theluji! Wapishi wenzangu walitoka mlangoni kututazama. Nikawageuzia mgongo wasome maneno ya kanga.

Ntate Lebohang alisimamisha mashine yake mbele yetu. “'M'e, mtoto asifungwe. Mashine hii ikipinduka, mtu huruka. Huyu ataruka na nani?”

Nikamjibu, “Ntate, kwetu mtoto haanguki mgongoni mwa mama yake.”

Alinitazama. Akatazama fundo. Akasema tena, taratibu, “Mlima haujui kwenu.” Akaondoka.

Ukweli wenyewe ni kwamba Tinga haiendeshwi kwa usukani peke yake. Ukikata mlima kwa ubavu lazima uegemeze mwili wako upande wa juu, utoke karibu nusu nje ya kiti, uivute isilale. Peke yangu niliweza. Nikiwa na wewe umenigandia, siwezi kusogea. Nilijua, mgongo wangu uliniambia kila siku. Lakini nilikwisha kusema lile neno mbele ya watu, na mimi nikisema neno mbele ya watu naona bora nife nalo.

Siku ile skii ya mbele, ule ubao wake wa kutelezea, iligonga jiwe lililofichwa na theluji. Tinga ikainuka upande, polepole kabisa, nilipata hata nafasi ya kusema, “La!” Mtu asiyefungwa angeruka. Mimi nilivuta, wewe ukavutwa, tukaenda chini pamoja kama furushi. Mguu wangu ukabanwa. Injini ikazima yenyewe. Nikakuita. Nikakuita tena, na sauti ikatoka mgongoni kwangu, changamfu kabisa: “Mama, tena!”

Halafu ukajaribu kunyanyua mkono, ndipo ukalia. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika.

Hicho kidogo cha kabla ya kulia ndicho ulichokwenda nacho miaka yote hii. Mimi nimekwenda na kilichofuata. Ndiyo tofauti yetu.

Ntate Lebohang alifika akiteleza, akainyanyua mashine. Fundo la kanga lilikuwa limelowa na kuganda, halifunguki. Akatoa kisu. Mimi, Salehe, chini pale, mtoto wangu analia mfupa umevunjika, nilipiga kelele, “Usiikate kanga yangu!” Nimeishi na sentensi hiyo. Wakati mwingine nakata vitunguu inanijia, naweka kisu chini. Yeye hakunibishia. Akapiga magoti, akalihemea lile fundo, akalipuliza hewa ya moto mpaka likalegea, akalifungua kwa meno, pindo likachanika kidogo. Akakubeba mbele yake, mikono yako haijafungwa popote, akakuteremsha.

Hakusema “nilikwambia.” Ningempenda angesema, tungegombana, ningepata pa kushika. Alipokwisha kukupeleka kliniki na kukurudisha na bandeji, alikuja mlangoni, akavua kofia. Akasema kazi yangu ipo palepale. Mtoto akipona, akipenda kupanda, atapanda na kofia ngumu, anishike kwa mikono yake mwenyewe, ili akitaka kuachia aachie. Ni hayo tu.

Nikafunga begi. Msimu haukuwa umekwisha, hata supu ya siku ile nilikuwa nimeilowekea maharage. Watu walidhani nimeogopa mlima. Sikuogopa chochote. Niliondoka kwa sababu yule mtu alikuwa na haki, na nilishindwa kumtazama. Angekuwa amekosea, ningebaki na kumsumbua mpaka theluji ya mwisho iyeyuke. Wewe ulilia tangu juu ya mlima mpaka mpakani, na nikasema unalia bega. Ulikuwa unalilia Tinga. Nilijua.

Basi tukarudi Johannesburg, na fundo nikarudi nalo. Shule ilipowapeleka watoto kuona theluji, nilisema una mafua. Ulipokuwa mkubwa ukapata nafasi ya kujifunza ufundi wa pikipiki kwenye karakana Jeppestown, nilikuja nikamgombeza fundi mbele ya vijana wake kwa sababu nimekuta kidole chako kina damu. Vijana walikuita “Mtoto wa Mama” mpaka ulipoondoka pale. Uliponunua pikipiki ya kusambaza vyakula, mvua ikinyesha nilikupigia simu mfululizo, nikikusumbua barabarani kwa kuogopa barabara. Na ile asubuhi nilipoficha funguo kwenye unga, ukakosa kazi ya siku nzima, ukazunguka chumba unatafuta na mimi nakusaidia kutafuta! Uliziona zimejaa unga. Ulizifuta kwa shati, ukakaa. Ulifanana na Ntate Lebohang, nikakuchukia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Sikuombi unisamehe hayo, usije ukajipa ukubwa. Mimi nakwambia tu nilivyoyaona baada ya kuchelewa. Nilidhani nakufunga ili usianguke. Kumbe nilikuwa najifunga nisiweze kusogea. Kila ulipotaka kuegemea upande wako, mimi nilikuvuta upande wangu, tukalala chini wote wawili. Halafu nikashangaa kwa nini mtoto anamwambia habari zake msusi.

Huko uendako utapakia watu. Siku moja atakuja mama na mwanawe, atakuwa na skafu, atataka kumfunga mtoto asianguke. Usimcheke. Mweleze alivyonieleza Ntate Lebohang. Halafu, kwa sababu atakuwa mbishi, mweleze tena. Akikasirika mwache akasirike, lakini usimwashie mashine mpaka lile fundo litoke. Na wewe mwenyewe ukiona inalala na umeshindwa kuivuta, achia. Usiitetee. Hakuna mashine wala kanga wala neno ulilosema mbele ya watu linalostahili mfupa.

Penye laini usisite. Hilo nilishakwambia.

*

Niliinuka hapo nikidhani nimemaliza. Nilitaka kukuchomekea kichupa cha pilipili ndani ya kiatu, kidogo tu, hata ndege isingejua. Nikafungua sanduku lako. Ndiyo, nimelifungua, wewe shtaki.

Chini kabisa, chini ya suruali na zile soksi za kuazima, nikakuta njano na nyeusi.

Kwanza nilipandwa na hasira mpya. Nikasema, tazama, hana nafasi ya ubuyu wangu wala blanketi, kwa ajili ya uzito, na sasa kumbe mwizi! Nikaenda kwenye sanduku langu la bati, ambalo unajua ni mwiko kuligusa, nikainua nguo zote. Nilikuwa tayari nimepanga matusi ya kukupokea nayo ukirudi. Nikakuta kanga yangu ipo, imekunjwa pale ninapoiweka.

Nikarudi kwako, ipo. Nikaenda kwangu, ipo. Nilikwenda na kurudi kama kichaa mpaka akili ikanijia. Doti ni vipande viwili. Umechukua kimoja, kimoja umeniachia. Na ulichochukua ndicho kile kile, chenye pindo lililochanika palipokuwa na lile fundo. Kizima umeniachia mimi.

Salehe, nilikaa sakafuni. Nimelia, ndiyo, na wino hapo juu umechafuka si kwa maji ya bomba.

Wiki zote hizi nilikuwa nakungoja uje uombe kwa maneno ya kwetu, na wewe, mtoto wa Johannesburg, umekwenda kuomba kwa namna yako, kwa kuiba. Ni namna mbaya. Lakini na mimi nimefikiria: je, nilikuita hata mara moja nikakwambia kaa hapa, nataka uniombe? Sikukuita. Nilikaa na mgongo wangu wa uongo nikangoja. Labda ile dawa ya kuchua ulikuja nayo ukiwa na neno mdomoni, ukaniona nimenuna, ukalimeza. Mimi nikinuna natisha, nimeambiwa.

Basi barua hii siichomeki ndani. Naiweka juu ya sanduku, uikute ukirudi kutoka Berea, uisome hata kwa kusuasua. Kanga nimeirudisha ilipokuwa, na pilipili iko kwenye kiatu cha kushoto, usiitoe. Kanga ujifunge shingoni huko kwenye baridi, na wakikuuliza maneno hayo yanasemaje, waambie. Usimfunge nayo mtu.

Salamu nilizokunyima mwanzoni zipokee hapa, zote, na za bibi yako ambaye hajui kama unasafiri maana na mimi nilikuwa natafuta wakati mzuri. Hali yangu ni njema. Hofu na mashaka ni juu yako, na yatabaki huko, sitayaleta tena kwenye simu kila mvua inyeshapo. Theluji sijui, theluji naweza kupiga.

Radhi zangu unazo, mwanangu. Nimekuridhia leo na kesho na huko usikoonekana. Nenda.

Lakini asubuhi, kabla Baba Furaha hajapiga honi, uje ukae mbele yangu uziombe hivyohivyo. Nataka kusikia.

Mama yako,
Mwantumu